Magodoro Tuliyoyashusha

Mwaka umetimia leo, mdogo wangu, tangu asubuhi ile mkeo alipotoka wodini ameshika viatu vyako mkononi. Alitutazama mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kitu.

Familia imenituma mimi niandike kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na kwa sababu mimi ndiye mwenye kesi. Watu watalisoma tangazo hili la kumbukumbu wakidhani ni la kawaida, picha yako na maua pembeni. Wasome tu. Mimi nasema na wewe.

Ulianzia kwenye karakana ya seremala. Kutwa nzima unapiga mbao msasa, na ili usikike juu ya kelele za mashine ilibidi uimbe kwa nguvu, mpaka sauti yenyewe ikakwaruza. Mafundi wenzako wakakuita Msasa. Mama alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alitoka jikoni na mwiko. "Nani kamwita mwanangu msasa? Kwani yeye atakwaruza nani?" Ulicheka mpaka ukakaa chini sakafuni, na jina likabaki.

Wimbo wako wa kwanza wa rege, ile ya kuchezeka wanayoiita densihoo, uliurekodi umejifungia ndani ya kabati la nguo la mteja. Lilikuwa limekamilika, linasubiri kuchukuliwa, nawe ukasema halina mwangwi. Mwenyewe alipokuja kulichukua alikuta kabati lake linaimba. Yule mama alishika kifua, akarudi nyuma, kisha akasimama kusikiliza mpaka mwisho. Ndiye aliyekuwa shabiki wako wa kwanza, na kabati bado analo.

Halafu ukaja ule ukumbi, umeme ulipokatika katikati ya wimbo wa pili. Mpiga muziki akafunga vyombo vyake. Watu wakaanza kupiga miluzi, na mimi pale nyuma nikaanza kutafuta mlango, maana aibu yako ilikuwa yangu. Wewe ukaendelea kuimba gizani, unagonga jukwaa kwa miguu. Jukwaa lenyewe uliligongelea misumari mwenyewe wiki iliyotangulia, na ulijua ubao gani unatoa besi na ubao gani unalia juu. Umeme uliporudi watu wakazomea, wakataka uzimwe. Baada ya siku ile redio zilikujua.

Ukaimba jukwaani miaka sita. Kisha ukatuambia umechoka kupiga kelele, sasa unataka kusikiliza, ukahamia kwenye kile chumba cha uani kwa mama. Ulinunua magodoro kumi na moja ya hosteli iliyofungwa, ukayafunga ukutani pande zote na mengine darini. Nilikuuliza unajenga studio au wodi. Ulinijibu, "Dada, atakayeingia humu atapona."

Na kweli waliingia wengi. Muuza mkaa mwenye sauti nzito, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia ana sauti. Fundi viatu aliyekuwa na kigugumizi mpaka biti ianze. Yule rafiki yako uliyekuwa ukimwita Koleo, uliyemfundisha kila kitu, kuanzia kushika nyaya mpaka kushika ulimi. Siku moja alikuja mwimbaji mkubwa, ana walinzi wawili, akaanza kuimba matusi ya wanawake. Ulizima mashine hapo hapo. "Mama yangu yuko ukuta wa pili," ukamwambia. "Maneno hayo kayaimbie kwenu."

Utaratibu wako wa kurekodi tuliujua wote, maana ulituhusu. Kwanza unabonyeza mashine ianze. Kisha unafungua mlango kidogo tu, unaita kuelekea jikoni: "Mama, upo?" Naye anajibu: "Nipo! Nimekwenda wapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yenu. Mama anaepua sufuria, anakaa kwenye kigoda, hagusi kitu. Unafunga mlango. Halafu dakika nzima hakuna kuimba, hakuna kukohoa, mashine inarekodi kimya cha chumba. Ulisema bila kimya hicho hutaweza kusafisha wimbo. Ndipo unaimba.

Na mwisho wa kazi yote, wimbo ukishakamilika, unaupiga msasa. Unakata ule wito, unakata pumzi, unakata kikohozi, unakata mbwa wa jirani. Nyimbo zako zilitoka safi kama shuka jipya. Vipande ulivyovikata ulivitia kwenye folda uliyoiita Makombo, kwa sababu wewe hukujua kutupa kitu. "Sisi ni ukoo wa kusafisha," ulikuwa unaniambia, kwa kuwa mimi ni dobi. "Wewe unatoa madoa, mimi natoa pumzi." Nilikuwa naona fahari kusikia hivyo. Sasa najilaumu.

Maana ulikata kikohozi kwenye nyimbo, ukakikata na kwetu. Ulikuwa unakwenda kukohoa chumbani kwako, kwenye magodoro, mahali ambapo hakuna atakayesikia. Vumbi la mbao la miaka yote ile lilikuwa kifuani, na sisi tukija unatoka unatabasamu. Nina hasira na wewe kwa hilo, siwezi kuficha. Tulipojua, daktari naye alikuwa hana la kufanya.

Wodini, sauti imeshakwisha, ulimshika mkeo mkono ukamwambia, "Ule wimbo wangu msiutoe. Bado sijaupiga msasa." Ulikuwa umeufanyia kazi miaka mitatu, mstari kwa mstari, na hukutaka hata Koleo ausikie. Hayo ndiyo maneno uliyotuachia. Siku mbili baadaye mkeo akatoka na viatu.

Sasa nakuja kwenye kesi yangu.

Wageni walijaa nyumba, wengine walitoka mbali, na jua linazama hatuna pa kuwalaza. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Nikaingia chumbani kwako, nikaona magodoro kumi na moja yananing'inia bure. Nikamwita mdogo wetu wa mwisho, dereva, nikamwambia ashushe yote, nami nitatoa foronya nizifue kabla hayajalaliwa. Alisita. "Dada, Msasa alisema humu ndani kusiguswe kitu."

Nikamjibu, "Msasa hayupo. Wageni wapo."

Nilisema hivyo, mdogo wangu. Siku moja tu baada ya kukuzika. Akashusha moja, akashusha la pili, na la tatu lilipolegea tukasikia kitu kinaanguka kwenye saruji. Sauti ndogo tu, kama kijiko. Ulikuwa umegonga kirafu nyuma ya godoro lile na kuweka diski yako ya kuhifadhia nyimbo hapo, mbali na spika na mbali na wezi. Kila kitu kilikuwa humo. Kompyuta yenyewe ilikuwa tupu. Wewe, ambaye kila kabati ulilipigia misumari ya ziada, kazi ya miaka kumi uliiweka mahali pamoja, nyuma ya godoro! Jamani, nani hufanya hivyo?

Mkeo aliingia akaiokota. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akaifunga kwenye kanga, akatoka. Magodoro mengine tukayashusha, wageni wakalala. Tangu siku ile wifi yangu hakunisemesha. Salamu ilipitia kwa binti yenu: "Shangazi, mama anasema habari za asubuhi." Tukaishi hivyo miezi kumi na moja.

Diski ilipelekwa kwa fundi wa kompyuta, yule dada mwenye miwani, ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la viatu. Alisema kuna kipande ndani kimevunjika na kimekwaruza, na hatathubutu kuiwasha mpaka apate kipande cha aina ile ile. Akaanza kutafuta. Tukaanza kusubiri.

Na wakati tunasubiri, mama akaanza kutuponyoka. Sikio lake la kushoto unajua lilikufa zamani. La kulia nalo likaanza kufifia, na daktari akasema huenda lisimalize mwaka. Binti yako akawa anamwekea nyimbo zako kila jioni. Mama anasikiliza, anashukuru, kisha anasema, "Huyo ni Msasa. Mimi sikumzaa Msasa. Nataka yule wangu, anayeniita."

Tukahangaika, we acha tu. Kwenye simu hukuacha hata neno moja. Ulikataa kutuma sauti, ukisema hurekodi sauti chafu, unaandika tu. Mahojiano ya redio tukayapata, lakini humo nako ulikuwa unakwaruza kama jukwaani. Mama alisikia sekunde chache akasogeza spika pembeni. "Bado ni yule yule," akasema. Sauti yako ya mlangoni, ya mtu aliyevaa kandambili, haikuwepo popote duniani. Ilikuwepo kwenye Makombo tu, na Makombo yalikuwa ndani ya diski niliyoiangusha.

Wiki tatu zilizopita fundi akapiga simu kwamba kipande kimepatikana. Tulikwenda wanne: mama, mkeo, binti yako na mimi. Ngazi zile mama alizipanda kwa kushika ukuta. Fundi alitukalisha, akasema bila kupindisha.

"Nikiiwasha, itazunguka na kujikwaruza yenyewe kwa wakati huo huo. Inaweza kukaa saa nzima, inaweza kukaa dakika tano. Nitaokoa folda moja. Ya pili siahidi. Niambieni nianze na ipi."

"Wimbo," mkeo akasema.

"Makombo," nikasema mimi, pamoja naye.

Hapo ndipo wifi yangu aliponisemesha kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja. "Wewe ulishachagua siku ile," akaniambia. "Ulichagua wageni. Leo niachie mimi."

"Wifi, mama hana muda. Wimbo unaweza kuimbwa tena na Koleo."

"Auimbe Koleo? Miaka mitatu mume wangu hakula mezani na mimi kwa ajili ya wimbo ule! Amekufa anautaja. Nikauache humo ufe, kwa sababu gani, ili tukasikilize mbwa wa jirani?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Jibu nilikuwa nalo, tena kali, liko mdomoni. Binti yako akaanza kulia. Fundi akavua miwani akawa anaifuta, hana pa kutazama.

Mama alikuwa hajasikia kitu. Aliona midomo tu. Akamvuta binti yako, akamwuliza tunagombania nini, na mtoto akamwinamia sikio la kulia akamweleza yote kwa sauti kubwa, mpaka wa duka la viatu chini lazima walisikia. Mama akatutazama nyuso mmoja mmoja. Wallahi sijawahi kuogopa jibu la mtu namna ile.

"Waokoe wimbo," mama akasema.

"Mama!" nikapiga kelele. "Wewe ndiye unayetaka sauti yake!"

"Naitaka. Lakini mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda sigusi hata kijiko ili yeye afanye kazi. Leo nimvurugie?"

Mkeo akafunika uso kwa mtandio. Fundi akavaa miwani, akabonyeza.

Sijui nikueleze vipi mlio ule. Tak. Tak. Kisha kama mtu anakwangua sufuria kwa ukucha. Kwenye kioo ulikuwepo mstari wa kijani unaotakiwa kujaa, na kando yake namba. Wimbo una vipande sitini na nne, fundi alisema. Kumi vikapita haraka. Kwenye cha ishirini na tatu mstari ukasimama. Mkeo akanishika mkono bila kujua ni wangu. Tak. Tak. Ukasogea. Arobaini. Hamsini na tano. Mlio ukawa mkali, fundi akawa anasema peke yake, "Twende, twende, twende." Kwenye cha sitini na mbili diski ikatoa kilio kirefu ikanyamaza. Fundi alijaribu tena mara tatu. Haikuzunguka kamwe. Makombo yakaishia hapo.

Tulirudi nyumbani. Mama alikaa kwenye kigoda chake, jikoni. Mimi nilikwenda kusimama uani, nafua kitu ambacho kilikuwa safi.

Binti yako, ambaye amechukua mikono yako yote, aliingia chumbani kwako, akaunganisha kompyuta, akafungua vile vipande sitini na viwili. Mkeo alisimama mlangoni. Nikasikia mtoto anaita, "Mama, njoo. Shangazi, njoo. Njooni!" Nikaacha maji yanamwagika.

Kitu cha kwanza tulichosikia ni wewe unakohoa. Kikohozi kirefu, cha mtu aliye peke yake, kikaisha, kikaanza tena. Mkeo alishika fremu ya mlango. Miaka mitatu uliyokaa humo, kumbe ndivyo ulivyokuwa unakaa. Nikataka kumwambia mtoto azime.

Ndipo nikaelewa, na naona mkeo alielewa wakati ule ule, maana alinigeukia mdomo wazi. Bado sijaupiga msasa. Ulituambia mwenyewe wodini, nasi tukadhani unasema tu kwamba haujawa tayari. Ulikuwa hujakata kitu! Msasa wako ulikuwa wa mwisho kabisa, baada ya kazi yote, na hukufika mwisho. Kila kitu kilikuwa bado kimo.

Mkeo alikimbia jikoni. Wifi yangu, mtu wa heshima zake, alikimbia kama mtoto. Alimleta mama amemshika kiuno, akamkalisha sikio la kulia likigusana na spika. Binti yako akarudisha mwanzo, akaongeza sauti mpaka mwisho. Kikohozi. Kandambili zako zinaburuta. Mlango unalia ile bawaba uliyokataa kuitia mafuta. Halafu wewe, bila kukwaruza hata kidogo, sauti yako ile ya tangu utotoni:

"Mama, upo?"

Na mama, mama yetu, akajibu kabla ya yule wa kwenye spika hajajibu. "Nipo! Nimekwenda wapi?"

Kisha ikaja ile dakika ya kimya. Tulikaa nayo yote, hakuna aliyesogea, kama ulivyokuwa unatuamuru. Tulijua ungekuwa hai tungeichukia.

Mkeo na mimi sasa tunasalimiana wenyewe. Si kwamba amesahau, aliniambia hivyo waziwazi, lakini kila nikifua ananiletea chai uani na tunainywa pamoja. Koleo alikuja kuomba aupige wimbo msasa kama ulivyotaka. Ana haki, na anajua kazi. Mkeo akamwambia aunganishe, asawazishe, abadili atakachobadili kwenye besi, ila asikate kitu. "Si ndivyo alivyoagiza," Koleo akasema. "Najua," mkeo akajibu. "Nitajieleza mwenyewe kwake." Kwa hiyo wimbo unatoka leo saa sita mchana, redioni, na kikohozi kimo, na wito umo, na mbwa wa jirani yumo. Kasirika huko uliko. Sisi tumekwisha amua.

Jambo moja zaidi, halafu nikuache upumzike. Kila siku saa kumi, binti yako akirudi shuleni, humwekea bibi yake ule mwanzo, na mama huitika. Jumatatu iliyopita aliwasha kama kawaida. Uliita. Mama kimya. Mtoto akarudia, akaongeza sauti mpaka vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Uliita tena. Mama anatazama mbele tu. Mkeo akanitazama, nami nikatazama sakafu, maana tulijua siku hiyo ingekuja.

Kisha mama akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya spika, akakiacha hapo. "Ameshaita?" akauliza.

Binti yako akaitikia kwa kichwa.

"Nipo," mama akasema. "Nimekwenda wapi?"

Wanaokukumbuka ni mama yako, ambaye hajaenda popote. Ni mkeo. Ni binti yako, aliyejifungia chumbani kwako kuanzia asubuhi na hataki kutuambia anarekodi nini. Ni mdogo wako dereva, ambaye alikuwa na haki siku ile na mpaka leo hajanisimanga. Ni Koleo na wote uliowafungia mlango ule ukawasikiliza. Na ni mimi dada yako, dobi, niliyeyarudisha ukutani magodoro yote kumi na moja kwa mikono yangu, bila kufua foronya hata moja.

Tutakukumbuka daima, na kikohozi chako humo humo.